Asiyetajwa Kitabuni

Duka la vitabu la Mabela, nyuma ya wauza matairi,
Alhamisi baada ya laasiri, jua bado linauma.
Ndani kiyoyozi kinakohoa.
Nina miwani ya kusomea, riali tano,
na Yakdhani, mjukuu wangu, miaka minne na nusu,
na hiyo nusu hakubali uisahau.

Mimi kitabu cha mtoto sikinunui kwa jalada.
Nakisoma palepale, nimesimama, kwa sauti.
Mwenye duka kanizoea, hunisogezea kigoda.
Sentensi ikinikwama kooni kama mwiba wa changu,
nakirudisha rafuni.
Kikiishia na "basi, watoto wema, tuwatii wakubwa,"
nakirudisha na kukigeuzia uso ukutani.
Ukimhubiria mtoto usiku, anayelala ni wewe.

Kipo cha dubu mweupe. Nilikipita mara tatu:
theluji sisi tunaijua ya kukwangua kwenye friza.
Lakini kina mahali pa kunguruma,
na kitabu chenye mahali pa kunguruma
hakikataliwi.
Kipo cha ngamia aliyevaa viatu,
maneno tele, picha zimebanwa pembeni
kama wageni waliochelewa karamu.
Hapana.

Yakdhani kakaa chini kwenye zulia
na kitabu kilichochanika mgongo, bei imefutwa kwa kalamu.
Kuku na yai lake.
"Hicho tunacho!" namwambia. "Nilimsomea mama yako
mpaka kurasa zikalainika kama leso."
Nakijua kwa moyo: kuku kapoteza yai,
anamuuliza paka, anamuuliza mbuzi,
kumbe amelikalia.

Hanisikii. Anakifungua kwa kushoto
kama vile vya Kiingereza vya shuleni kwao,
na hadithi inarudi kinyumenyume:
kifaranga anaingia ndani ya yai,
ufa unaziba,
kuku anasahau alichokuwa akikitafuta.

"Bibi, na huyu?"

Kidole chake kina mafuta ya halua.
Chini ya kwato ya mbuzi: sisimizi,
mdogo kuliko nukta.
Nafunua. Yuko ukutani.
Nafunua. Yuko ukingoni mwa kisima.
Kila ukurasa, na chembe yake ya mchele mgongoni,
na maneno hayamtaji hata mara moja.

Miaka ishirini na nane nakisoma kitabu hiki.
Sikumwona.
Macho yangu yalifuata herufi
kama ng'ombe anayefuata kamba.
Na Ghaniya, mama yake, yeye alimwona?
Aliwahi kunivuta mkono wa nguo,
nami nikasema, "Ngoja kwanza, tumalize"?

Riali moja na baisa mia mbili.
Sikuomba kupunguziwa.

Nyumbani kwao ni Kiarabu, shuleni Kiingereza.
Kiswahili kimebaki cha wakubwa,
cha kugombania, cha kufichia bei ya dhahabu.
Mtoto hukisikia kama redio ya jirani.
Kwa hiyo usiku nasoma Kiarabu kwa macho,
mdomoni kinatoka Kiswahili,
na kuku wangu anauliza kwa lafudhi ya Unguja.
Lakini mdudu huyu hakuandikwa.
Hakuna neno la kugeuza.
Kitabuni hana jina, hana lugha,
hana hata anayemwamkia.

"Anaitwaje?"
"Sisimizi."
"Si-si-mi-zi," anarudia polepole,
kama mtu anayehesabu miguu.
Kesho yake kamfundisha baba yake.
Kesho kutwa kamkuta wa kweli kwenye sinki,
akatuita nyumba nzima tuje tumsalimie.

Sasa kitabu hakimaliziki.
Kuku anangoja na shida yake,
paka ameulizwa, bado hajajibu.
Nimelamba kidole, nimeshika pembe ya karatasi,
na mkono mdogo unaukandamiza wangu:
"Bibi, usifunue.
Hajavuka."